Kisukari aina ya kwanza: asubuhi 14, mchana 3.1, jioni 17. Wenye uzoefu nisaidieni

fundi_simu_moro aliandika:

Wakuu habari za jioni.

Mimi ni kijana wa miaka 26, natengeneza simu hapa Morogoro. Mwanzoni mwa mwaka nilianza kukonda bila sababu, kiu haiishi, usiku naamka kukojoa kila saa. Mtaani wakaanza kuninong'ona, mnajua wenyewe mtu akikonda ghafla anasemwaje. Zahanati ya kwanza walinipima malaria na UTI, nikarudi nyumbani na vidonge. Baada ya hapo nikaanza kutapika na kuhema kwa nguvu hata nikiwa nimelala. Nikabebwa hospitali, mashine ya sukari ikaandika HI, yaani imepita kiwango inachoweza kusoma. Nikalazwa, nikatundikiwa drip na kupewa insulini, nikatoka na jibu: kisukari aina ya kwanza.

Natumia insulini ya Mixtard, uniti 18 asubuhi na 10 jioni. Kuchoma sikosi. Sasa tazameni sukari yangu wiki hii (kwa mmol/L):

Jumatatu: asubuhi 13.8, mchana 4.6, jioni 9.1
Jumanne: asubuhi 7.2, mchana 3.1, jioni 17.6
Jumatano: asubuhi 14.4, mchana 3.4, jioni 16.9
Alhamisi: asubuhi 6.0, mchana sikupima (nabana stripu za kupimia), jioni 12.2

Ile 3.1 ya Jumanne ilinikuta nimefungua simu ya mteja, skrubu zimemwagika mezani, mkono unatetemeka nashindwa kushika kibanio, jasho linanitiririka na feni iko juu kabisa. Mteja akadhani nimelewa, akachukua simu yake hivyohivyo ikiwa wazi akaondoka.

Nachoma dozi ileile kila siku. Inakuwaje namba zinaruka hivi? Kliniki daktari ana foleni ndefu, ananiambia "zingatia chakula", dakika tano nimetoka. Nizingatie nini zaidi ya hapo?

kijiwe_nongwa aliandika:

Pole sana mkuu. Nakaa hapa, mdogo wangu wa kike naye kaanza sindano mwezi uliopita na hali ni hiyohiyo.

mzee_wa_mizizi aliandika:

Kijana, hizo sindano zitakufanya mtumwa. Baba yangu mkubwa alikuwa na sukari 20, akanywa unga wa mlonge na maji ya mbegu za parachichi, leo hana habari ya hospitali. Acha sindano taratibu, njoo PM nikuelekeze.

Binti_Pangani aliandika:

Mzee wangu, shikamoo, lakini hapa hapana. Baba yako mkubwa bila shaka ana aina ya pili, kongosho lake bado linatoa insulini. Huyu kijana lake limeshambuliwa na kinga ya mwili wake mwenyewe, insulini haitoki au inatoka kidogo sana na inaelekea kuisha. Kabla ya insulini kupatikana, mtu wa aina ya kwanza alikuwa anafariki, hapakuwa na mzizi uliomsaidia. Wa kwanza kuchomwa alikuwa kijana wa miaka 14, Toronto, Januari 1922. Ukimwambia huyu aache sindano "taratibu", unamrudisha kwenye kule kutapika na kuhema alikotuhadithia.

Fundi, mimi nina hali hii tangu niko darasa la tatu. Kabla sijasema lolote nijibu haya, na ujibu ukweli:

Unachoma saa ngapi na unakula saa ngapi, siyo saa unayotakiwa kula, saa unayokula kweli? Ulipoona 3.1 ulifanya nini? Jumapili usiku ulikula nini? Na Jumatano jioni ulikuwa wapi?

fundi_simu_moro aliandika:

Ahsante dada.

Asubuhi saa moja nachoma, natoka. Chai na chapati mbili napata kijiweni, saa mbili hivi, siku nyingine naunganisha hadi mchana kama nimekuta wateja mlangoni. Chakula cha mchana wateja wakipungua, saa nane au saa tisa. Narudi nyumbani saa mbili usiku, napima, nachoma, mama mdogo anatenga ugali hapohapo.

Ile 3.1 nilikunywa soda chupa nzima na maandazi mawili, nikaona bado natetemeka nikaongeza juisi ya miwa. Baadaye nikala wali wangu wa mchana kama kawaida.

Jumapili kulikuwa na shughuli kwa jirani, pilau, tulikula usiku sana. Jumatano tulikuwa na mpira uwanja wa shule, saa kumi na moja hadi kiza. Kwani umejuaje?

Binti_Pangani aliandika:

Sijajua, nimesoma namba zako. Wewe unazisoma moja moja. Zisome kwa kufuatana, kila moja ikibeba kilichotokea saa kadhaa kabla yake.

Anza na mchana. Mixtard 30 ni insulini mbili ndani ya chupa moja. Asilimia 30 ni ile ya haraka, inaanza kazi baada ya nusu saa hivi na nguvu yake iko kati ya saa ya pili na ya nne tangu uchome. Asilimia 70 ni ile ya polepole, inapamba moto baadaye, kwako ni kuanzia saa tano asubuhi kwenda mchana wote. Ukishachoma saa moja, dawa haijui kama una wateja. Inafika saa saba inashusha sukari, na wewe tumboni una chapati za saa mbili, au huna kitu kabisa. Ndiyo maana mchana wako wote uko chini: 4.6, 3.1, 3.4. Hapo hakuna kuruka mkuu, hiyo ni tabia moja inajirudia kila siku.

Sasa jioni. 17.6 na 16.9 zimekuja siku gani? Siku ulizoshuka mchana. Soda ya chupa peke yake ina sukari gramu thelathini na ushee, ulichohitaji ni 15. Ongeza maandazi, juisi ya miwa, halafu wali kamili juu yake. Jumatatu hukushuka, jioni ukawa 9.1. Na hapa ndipo wengi wanapotea: anaona 17 jioni, anaongeza uniti za asubuhi, kesho yake mchana anadondoka zaidi, anakunywa soda zaidi, jioni anaona 20. Ile 17 mama yake ni 3.1.

Asubuhi nayo inarithi usiku. Ulilala na 9.1 ukaamka na 7.2. Ulilala na 17.6 ukaamka na 14.4. Jumatatu uliamka na 13.8 kwa sababu ya pilau: mafuta na nyama vinachelewesha wanga kuingia kwenye damu, kwa hiyo sukari inapanda wewe ukiwa usingizini.

Imebaki Alhamisi, ulilala na 16.9 ukaamka na 6.0. Watu wengi wangeifurahia hiyo 6.0, mimi ndiyo inayonitisha kuliko zote. Ulicheza mpira. Mazoezi yanafanya misuli inyonye sukari saa nyingi baada ya filimbi ya mwisho, hata usiku kucha. Hujui saa tisa usiku ulikuwa na ngapi. Siku ya mpira pima kabla ya kulala, na kama iko chini ya 7 kula kitu, na weka alamu saa tisa usiku upime tena hadi ujue mwili wako unafanyaje.

Ushauri wangu wa kwanza hauhusu uniti hata moja. Kula. Saa nne kitafunwa, saa saba chakula cha mchana hata kama Rais amekuletea simu. Ukishuka chini ya 4: vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida (ile isiyo na sukari haikusaidii kitu), kaa chini, subiri dakika 15, pima. Bado iko chini ya 4, rudia. Ikipanda na chakula kiko mbali, kula kipande cha mkate au ndizi. Zile dakika 15 ni ngumu, mwili unakuambia kula nyumba nzima, lakini kutetemeka huwa kunachelewa kuisha hata sukari ikishapanda. Pakiti ndogo ya glukosi iwe kwenye droo ya skrubu.

kijiwe_nongwa aliandika:

Dada hii "17 mama yake ni 3.1" nimeichukua naipeleka nyumbani.

nesi_wa_zamu aliandika:

Naunga mkono, na naongeza ya vitendo maana nafanya kliniki hii.

Chupa ya Mixtard ikikaa inajitenga, unga mweupe chini, maji juu. Usipoichanganya, leo unavuta ya haraka nyingi, kesho ya polepole nyingi, wakati wewe unaamini umechoma uniti 18 zilezile. Ibiringishe kati ya viganja taratibu, mara kumi hadi ishirini, hadi iwe nyeupe sawasawa. Usiitikise kwa nguvu, inatoa povu na dozi inapungua. Ikiwa na mabonge yasiyoisha, itupe.

Angalia bomba lako la sindano. Liwe limeandikwa U-100 (uniti 100 kwa mililita moja), kama chupa. Yapo ya U-40 yanazunguka kwenye baadhi ya maduka, ukivuta 18 kwenye hilo kutoka chupa ya U-100 umejichoma 45.

Choma dakika 30 kabla ya kula, ndiyo kanuni ya dawa hii. Wewe jioni unachoma na ugali uko mezani, ugali unatangulia dawa. Lakini usichome kama huna uhakika chakula kitakuwepo, na kama sukari iko chini ya 4 tibu kwanza hiyo.

Osha mikono kwa maji na sabuni kabla ya kupima. Mtu akimenya embe kisha akapima bila kunawa, mashine inapima embe.

Na swali langu: unachoma sehemu gani ya mwili? Papasa hapo, uniambie unahisi nini.

Mwisho, jambo ambalo huenda hukuambiwa. Wengi mkishaanza insulini, kongosho linapata nafuu kwa muda na kutoa kidogo kilichobaki. Kliniki tunaita fungate. Inaweza kuwa wiki, inaweza kuwa miezi, wengine zaidi ya mwaka. Katika kipindi hicho kongosho siku nyingine linachangia, siku nyingine halichangii, kwa hiyo hata ukifanya kila kitu sawa kuna namba hazitakuwa na maelezo. Mtu asikudanganye kwamba umepona, na wewe usijilaumu. Fungate ikiisha mahitaji ya dozi yanapanda, hiyo ni kawaida.

fundi_simu_moro aliandika:

Nesi umenishtua. Nachoma tumboni, kulia kwa kitovu, palepale kila siku kwa sababu hapaumi tena. Nimepapasa sasa hivi, kuna kinundu laini, kikubwa kama kizibo cha soda. Bomba ni U-100, hilo liko salama.

nesi_wa_zamu aliandika:

Hapaumi kwa sababu mafuta ya chini ya ngozi yamevimba. Insulini ikiingia humo inanaswa, leo inatoka kidogo kidogo, kesho inatoka yote kwa mkupuo. Hiyo peke yake inatosha kuvuruga wiki yako. Pumzisha hapo miezi kadhaa. Gawanya tumbo sehemu nne, wiki hii moja, wiki ijayo nyingine, na ndani ya sehemu moja hama upana wa kidole kila sindano. Mapaja pia unaweza.

Lakini sikiliza: ukihamia ngozi nzima, dozi ileile inaweza kukushusha zaidi maana sasa inaingia yote. Siku hizo pima zaidi, na ukiona unashuka nenda kliniki wakupunguzie, usingoje tarehe.

Mama_Swaleh_Mombasa aliandika:

Wanangu, mimi nalea wa miaka kumi na mmoja, yuko na hii hali tangu akiwa mdogo. Nitasema mambo ambayo mimi huulizwa sana.

Friji sina. Chupa ambazo hazijafunguliwa naweka kwa friji ya jirani, kwenye mlango, mbali na barafu. Insulini ikiganda ni ya kutupwa hata ikiyeyuka. Ile anayotumia naweka kwenye chungu: vyungu viwili vya udongo, kimoja ndani ya kingine, katikati mchanga, naumwagia maji asubuhi na jioni, kitambaa kibichi juu. Dawa iko ndani ya mfuko wa plastiki isilowe. Chupa ikifunguliwa huwa situmii kupita wiki nne, naandika tarehe kwa kalamu. Na msitishwe sana na joto la nyumbani: Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walifanya utafiti katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, huku kwetu Kenya, wakachapisha 2021, wakaona insulini iliyokaa kwenye joto la kupanda na kushuka kati ya 25 na 37 kwa wiki nne ilibaki na nguvu yake. Jua la moja kwa moja na dashibodi ya gari ndiyo adui.

La pili, siku ya ugonjwa. Mtoto akipata malaria au homa, hali chakula, watu wazima wote nyumbani husema "leo usimdunge, hajala". Hapana! Ugonjwa wenyewe hupandisha sukari. Insulini haikatwi kabisa, hupunguzwa au huongezwa kwa kumuuliza daktari. Mpimeni kila baada ya saa chache, anywe maji mengi. Akianza kutapika bila kukoma, tumbo kuuma, kuhema kwa kina, pumzi kunukia matunda yaliyoiva kupita kiasi, ni hospitali, hata kama ni saa nane za usiku. Kama mnapata vile vijiti vya kupima ketoni kwa mkojo (ile asidi mwili hutoa insulini ikikosekana), wekeni nyumbani.

Na akizimia kwa sukari kushuka msimmiminie kitu mdomoni, atapaliwa. Mlazeni ubavu mkimbilie hospitali.

Ah, na mashine zenye namba kama 250 si kwamba mtu anakufa, ni kipimo kingine. Gawanya kwa 18 upate hizi zetu.

mtanga_leicester aliandika:

Nasoma huu uzi kutoka Uingereza. Huku mwongozo wa 2022 wa NICE (taasisi inayotoa miongozo ya matibabu) unataka kila mtu mzima mwenye aina ya kwanza apewe sensa ya kubandika mkononi, inasoma sukari muda wote. Najua nyumbani bei yake ni mateso, sitaki kuwaringishia. Nataka niwaambie ilichonionyesha.

Hakuna mstari ulionyooka. Siku niliyojiona bingwa, 6 asubuhi na 7 mchana, sensa ilionyesha katikati nilifika 13 nikarudi. Chipsi mayai zinanipandisha saa tatu au nne baada ya kula, nikiwa nimeshasahau. Kutembea dakika ishirini baada ya chakula kunanipunguzia kilele kuliko kujinyima wali. Na nikiwa na mtihani au ugomvi na mwenye nyumba, sukari inapanda sijala kitu.

Kwa hiyo fundi, kwa stripu chache ulizonazo, usizitumie pale unapokuwa na wasiwasi tu. Chagua wakati mmoja wa siku, upime wakati huohuo siku tatu mfululizo: wiki hii kabla ya chakula cha mchana, wiki ijayo saa mbili baada ya chai, ijayo kabla ya kulala. Kitu kikijirudia siku tatu saa ileile, hicho ndicho cha kumpelekea daktari. Kilichotokea mara moja kiache kipite. Isipokuwa dalili za kushuka, na kabla ya kuendesha chombo chochote, hapo pima hata kama ni stripu ya mwisho.

selimundu_mbezi aliandika:

Nyongeza fupi kwa wenzangu wenye selimundu: kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu, HbA1c, kwetu kinadanganya, chembe zetu nyekundu haziishi muda wa kutosha. Mwambieni daktari mapema, na mtegemee namba za daftari lenu.

mzee_wa_mizizi aliandika:

Nimesoma yote. Sikujua kama ziko aina mbili. Kijana endelea na sindano.

Binti_Pangani aliandika:

Mungu akubariki mzee wangu. Na baba mkubwa mpime sukari hata mara moja, tafadhali.

fundi_simu_moro aliandika:

Wakuu narudisha mrejesho, imepita zaidi ya mwezi.

Nimehama lile eneo. Wiki ya kwanza nilishuka kweli kama nesi alivyosema, nikaenda kliniki kabla ya tarehe. Safari hii nilibeba daftari, saa ya sindano, saa ya chakula, nilichokula, namba. Daktari ameligeuza kurasa kimya, kisha akavuta kiti. Amenipunguzia asubuhi kuwa 15, jioni amesema nibaki 10 ila nichome nusu saa kabla. Tumeongea muda mrefu kuliko mara zote, na ameniandikia barua nikaulizie programu ya insulini za bure. Inaonekana umri wangu umeshapita kidogo lakini nitajaribu.

Mchana sasa niko kati ya 5 na 8 siku nyingi. Asubuhi 7, 8, 9. Juzi nikaamka na 15 bila sababu yoyote niliyoiona, nikapekua daftari lote, hakuna. Nimeandika "sijui" nikaendelea na kazi.

Swali: wiki ijayo nasafiri na basi kwenda Mwanza, safari ya kutwa. Dawa nabebaje, na chakula cha njiani je?

nesi_wa_zamu aliandika:

Hiyo "sijui" ni jibu halali kabisa.

Safari: dawa na mashine kwenye begi la mapajani, kamwe isiende kwenye buti la basi, kule ni tanuri. Funga chupa kwa kitambaa kibichi ndani ya chupa ya chai pana isiyo na maji ya moto, au weka katikati ya nguo, lakini si dirishani kwenye jua. Beba chupa ya akiba na mabomba ya ziada. Sindano ya asubuhi usichome hadi uwe na chakula chako mkononi, mabasi yanaondoka alfajiri na kituo cha kwanza cha kula hukipangi wewe.

Binti_Pangani aliandika:

Beba mkate wako na mayai ya kuchemsha, usiitegemee hoteli ya njiani, pale wanakupa dakika kumi na chipsi kavu. Glukosi mfukoni, siyo kwenye begi la juu. Na mwambie jirani yako wa siti mapema: "nina kisukari, ukiniona natoka jasho au naongea ovyo nipe hii". Wengi wanakuelewa. Mmoja aliwahi kunisimulia kisukari cha shangazi yake kuanzia Segera hadi Chalinze, lakini alinipa siti ya dirishani.